Jina la Akosita Juu ya Chati

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha nimesimama nyuma ya kiti cha Akosita, palusami yake, yale majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui la nazi, mdomoni mwangu na neno lake la siri kichwani. Ambao hamkusoma, msijali. Nitasema upesi, maana aibu nayo ikirudiwa sana inazoeleka, na mimi sitaki kuizoea.

Jina langu Semi Waqavonu. Nafanya kazi katika kampuni moja ya bima hapa Suva, Fiji, ghorofa ya nne, na kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za ukaguzi wa usalama. Mtu akiingia kwenye kompyuta, akifungua faili la mteja, akikosea neno la siri, mashine inaandika: nani, nini, saa ngapi. Mistari elfu arobaini kwa siku. Nimeitunza miaka tisa, na katika miaka hiyo hakutokea binadamu aliyeomba kuisoma.

Hadi Bosi wetu, Bwana Viliame Kaukimoce, aliporudi kutoka semina ya Nadi. Alitaka kumbukumbu zangu ziunganishwe na mfumo wa ripoti, ule unaowachorea wakubwa chati za mauzo ya bima, ili usalama nao uwe na rangi. Alinipa wiki mbili.

Sasa, mfumo wa ripoti hauwezi kusoma kumbukumbu mpaka uwe na akaunti yake wenyewe. Akaunti hutolewa na Praveena Nair, msimamizi wa mitambo, mwanamke asiyejua utani linapokuja suala la fomu. Fomu yake inataka saini tatu na huchukua wiki sita. Akaunti yangu mimi isingefaa, kwani ya mtunzaji hujifunga kila nusu saa, kwa usalama.

Basi nikauunganisha kwa akaunti ya Akosita.

Msinitolee macho. Mama Akosita Nadredre wa idara ya madai ni mtani wangu. Kijiji chetu kisiwani Gau na kijiji chao kule Namosi vina mzimu mmoja wa kale, na watani wa namna hiyo hatuombani. Nikitaka ndala zake nachukua. Akitaka mwavuli wangu anachukua, na matusi ananiongezea. Anayekasirika ndiye anayechekwa. Chakula chake cha mchana nimekila mara nyingi kuliko alivyokila mwenyewe.

Tena akaunti yake ilikuwa na ruhusa kubwa. Mwaka ule wa kimbunga alimshikia nafasi mkaguzi wa ndani kwa miezi miwili, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kumpokonya funguo. Neno lake la siri alikuwa ameliandika nyuma ya ratiba ya kwaya, chini ya kibodi. Nikalichukua kama nilivyochukua palusami.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikieni yaliyonipata.

Skrini kubwa ilitundikwa mapokezi, juu ya kiti cha wageni. Bosi akaja na kikombe chake cha chai, akasimama mbele yake kama mtu anayetazama mchezo wa raga.

"Hii nyekundu ni ya nini?"

"Ni watu waliokosea neno la siri, Bosi."

"Iwe kijani."

"Lakini wamekosea."

"Wamekosea wakazuiwa. Huo si ndio usalama wenyewe? Iwe kijani, Semi. Bodi inakuja Ijumaa."

Ikawa kijani. Kisha akalalamika kwamba jedwali lina safu nyingi, linamuumiza macho. Akaweka kidole kwenye safu moja akataka itolewe, lijae vizuri kwenye kioo. Ilikuwa safu inayoonyesha kompyuta iliyotumika. Nikaitoa. Naomba muikumbuke safu hiyo.

Pembeni, mfumo wenyewe, bila kuombwa na mtu, ukachora orodha ya watumiaji kumi wenye shughuli nyingi zaidi mwezi huo. Ndivyo ulivyozoea kuchora upande wa mauzo, na haukuona sababu ya kubadilika. Namba mbili alikuwa kijana wa malipo, mara elfu moja na mia tisa. Namba moja alikuwa Akosita Nadredre. Mara elfu kumi na moja.

Nilipoona nikajua. Kila robo saa mfumo ulikwenda kusoma kumbukumbu, mafaili manane kwa mpigo, kwa jina la Akosita. Kila ukisoma, kumbukumbu zinaandika kwamba Akosita amesoma. Robo saa ijayo unakwenda kusoma na hilo pia. Ripoti ilikuwa inajisoma yenyewe, mchana kutwa, na sifa zote zinakwenda kwa mama wa idara ya madai ambaye mwezi huo alikuwa na likizo ya wiki mbili.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini Bosi alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

Alisema miaka yote amekuwa akitafuta kipimo cha bidii, kumbe kipo, kwenye usalama. Alisema elfu kumi na moja ni namba isiyodanganya. Akasema Semi naye ametoka mbali, na kuanzia Jumatatu aitwe Mkuu wa Kitengo cha Usalama Unaoonekana. Kitengo hakikuwepo dakika moja kabla. Nikanyamaza, nikawa mkuu.

Ijumaa, sote tukiwa na mashati yetu ya maua, Akosita alivishwa shada shingoni mbele ya bodi na kutangazwa Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Picha yake ikatundikwa ukutani.

Niwaambieni huyu mama ni nani. Ana miaka thelathini na moja katika kampuni ile. Krismasi anastaafu. Hajawahi kutajwa popote isipokuwa kwenye orodha ya zamu. Siku ile alilia mpaka miwani ikamteleza. Aliniambia pembeni kwamba hakuwa na haja ya sherehe ya kustaafu tena, kwa kuwa sasa ataondoka na jina zuri, na wajukuu wameona.

Jumatatu akaleta keki tatu na wanakwaya wanne. Waliimba mapokezi sauti zote nne, wateja wakasahau madai yao. Mimi nilikula keki vipande vitano. Nilikuwa na hofu, na hofu kwangu hushukia tumboni.

"Kula, mtani, kula," alinitania mbele ya watu. "Umezoea kuiba, leo nimekupa kwa mkono wangu, unaona inavyokukaba."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Aliyekuwa hacheki ni Praveena. Alisimama mbele ya skrini na sahani yake ya keki, hakuigusa. Jioni alikuja mezani kwangu.

Aliniambia amepanga ile orodha kwa siku. Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, Akosita alifungua kumbukumbu. Na saa nne asubuhi Jumapili, hata wasio Wakristo mtaani kwake wanajua Akosita yuko wapi, kwa sababu wanasikia sauti yake.

"Ile safu ya kompyuta iliyotumika iko wapi, Semi?"

"Bosi alisema inajaza kioo."

"Basi nipe kumbukumbu zenyewe. Mistari yote."

"Andika fomu, dada."

Sijui ulimi ulinitelezaje. Nilimjibu kwa maneno yake mwenyewe na nikaona fahari kidogo, hilo nalo nakiri. Akaenda kuandika fomu. Saini tatu, na ya tatu ilikuwa yangu.

Wakati fomu inatembea, yeye akafanya lililokuwa wajibu wake, akamweleza Bosi kwamba akaunti ya Akosita inafanya kazi huku mwenyewe hayupo. Alisema ichunguzwe. Bosi alisikia neno moja tu, mwizi.

Hapo ndipo nilipojifunza nguvu ya chati. Namba ile ile, mstari ule ule, rangi ile ile ya kijani. Ijumaa ilikuwa bidii. Jumanne ikawa wizi wa siri za wateja. Bosi akasema elfu kumi na moja ni namba isiyodanganya, na nadhani hakukumbuka kwamba ameshawahi kuisema.

Akosita alitolewa ofisini kabla ya chakula cha mchana, mkoba mkononi. Aliamriwa asiguse kompyuta, angoje kikao cha Alhamisi. Picha yake ilishushwa lakini msumari ukabaki, na kila aliyepita mapokezi alitazama msumari.

Praveena akaomba akaunti ifungwe mara moja. Kumbe kufunga nako kuna fomu, ile ile, ya wiki sita. Aliitunga mwenyewe.

Nikakaa mezani nikapiga hesabu zangu. Nikiutenga mfumo na akaunti ya Akosita, shughuli zitakoma siku ile ile aliyofukuzwa, na watu watasema: mnaona, mwizi katoka, wizi umeisha. Nisipoutenga, namba itaendelea kupanda yeye akiwa nyumbani, na watasema anaiba kutokea jikoni kwake. Kila upande kitumbua chake kinaingia mchanga, na mchanga niliumwaga mimi. Palikuwa na njia ya tatu, kusema kweli. Njia hiyo ilipita moja kwa moja kwenye kiti changu kipya.

Sikuutenga. Jumatano asubuhi namba ilikuwa imepanda, na Bosi akasema kama nilivyotabiri. Praveena alimweleza kwamba mama yule hana kompyuta nyumbani. Bosi akajibu kwamba ana simu.

Jumatano hiyo nikatoka kazini mapema. Nikapita sokoni nikanunua fungu zuri la mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji chetu cha heshima, limefungwa kwa gazeti na utepe, nikapanda basi la Nasinu, anakokaa Akosita. Kwetu ukimkosea mtu huendi mikono mitupu. Unakaa chini, unaweka yaqona mbele yake, unainamisha kichwa, unasema kosa lako. Akiligusa fungu, amekusamehe. Maneno nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeyakariri njia nzima mpaka jirani yangu akahama kiti.

Akosita alinikuta mlangoni. Kabla sijakaa, kabla sijainama, akalinyakua lile fungu mikononi mwangu.

"Umekuja kunifariji," akasema. "Mtani wangu. Ofisi nzima, umekuja wewe tu."

Akanikumbatia. Amelishika fungu, ameshanisamehe, na mimi sijasema kosa. Nikabaki na maneno yangu mdomoni kama mtu aliyefika posta imefungwa.

Alinipikia mihogo na samaki. Aliongea kwa sauti ya chini, si ile ya kwaya. Aliniambia mchungaji amemshauri apumzike kuongoza uimbaji mpaka mambo yatulie. Mjukuu wake wa kike shuleni ameulizwa bibi yake aliiba nini. Usiku wa Jumanne hakulala kabisa.

"Nimewaza sana, Semi. Nani anajua paswedi yangu? Mungu na ratiba ya kwaya."

Akanitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu kama unavyomtazama mtu anayekula chakula chako.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mtu mwenyewe mbele yangu, yaqona mezani. Nikauma samaki, nikamwambia ana chumvi nzuri.

Akatikisa kichwa taratibu, akaniongezea mihogo. Nikala yote. Mengine yote niliyofanya naweza kuyatafutia sababu, lakini ile mihogo sina sababu yake.

Alhamisi, saa nne na dakika tano, tuliingia chumba cha mikutano. Bosi kwenye kichwa cha meza. Praveena na daftari lake. Akosita amevaa gauni lake la Jumapili, lile jeupe, simu yake ameiacha mlangoni kwa mlinzi kama alivyoagizwa. Mimi nimeitwa kama mtaalamu. Ukutani waliwasha skrini ndogo yenye ripoti yangu, ili ushahidi nao uhudhurie.

Bosi akanitaka nisome namba. Nikasoma. Sauti ilikuwa yangu lakini haikunitii vizuri. Nilipofika kwenye jina la Akosita nikakwama, nikanywa maji, nikarudia mstari, nikakwama pale pale. Praveena akaacha kuandika.

Akosita akaniangalia nikihangaika. Kisha akaweka mikono yake miwili juu ya meza, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "Bosi, usimchoshe. Andikeni ni mimi."



Bosi aliuliza kama anaelewa anachosema. Akosita alisema anaelewa, paswedi ni yake, jina ni lake, aliandika mahali pabaya, basi kosa ni lake. Bosi aliuliza alizipeleka wapi siri za wateja. Akajibu hakuzipeleka popote, zipo hapo hapo, wazihesabu.

Nikamwinamia nikamnong'oneza asifanye hivyo. Alinijibu kwa Kinamosi, lahaja ya kwao wanayotutania nayo, ili Bosi asielewe.

"Miaka tisa unachukua vyangu bila kuomba, nimewahi kukasirika? Leo na mimi nimechukua chako kimoja. Na wewe usikasirike."

Alikuwa anajua kwamba kosa alilolichukua ni langu. Alijua tangu kwenye ile mihogo, na pengine kabla. 

Bosi hakujua kilichosemwa, lakini alifurahi kupita kiasi. Alisema kukiri ni uungwana, na kwamba polisi hawatakuwa na haja ya kusumbuliwa iwapo atajiuzulu leo, kimya kimya, bila barua ya sifa. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Akosita akaisaini bila kuisoma. Kisha Bosi akaisukuma mbele yangu. Mkuu wa Kitengo cha Usalama Unaoonekana aweke saini kwamba ripoti ni sahihi na kwamba shughuli zote zilifanywa na aliyetajwa.

Kalamu ilikuwa nzito, na saini yangu ni herufi nne tu. Niliandika ya kwanza.

Saa ya ukutani ikafika nne na robo.

Na skrini, kama ilivyozoea kila robo saa, ikapepesa. Namba iliyo mbele ya jina la Akosita Nadredre ikapanda, hapo hapo, mbele yetu wanne.

Bosi alikuwa anatafuta mfuniko wa kalamu yake, hakuona. Mimi niliona. Nilipogeuza shingo nikamkuta Praveena ameona pia.

Aliangalia skrini. Akaangalia mikono ya Akosita, yote miwili, mitupu juu ya meza. Akaangalia saa. Akavuta kutoka kwenye daftari lake fomu ninayoijua, ya kuomba kumbukumbu zenyewe, ina saini mbili. Akaiweka juu ya ile karatasi ya Bosi, juu ya herufi yangu moja.

"Semi," akasema polepole, "kabla hujamaliza kusaini hiyo, anza na hii. Mama Akosita amekaa hapa. Nani anafanya kazi sasa hivi?"

Bosi akainua kichwa. Wote watatu wakanitazama.

Nikafungua mdomo. Chini ya meza, Akosita akanikanyaga mguu kwa nguvu zake zote, nisiseme.